Stata ya mguu ya Chevrolet ya zamani: pedeli inapogoma

Pikapu za Chevrolet 3100 zilizotoka kuanzia 1947 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, zile za pua ya mviringo na injini ya silinda sita ya inchi za ujazo 216, haziwashwi kwa ufunguo. Ufunguo unapeleka moto kwenye koili tu, ile inayotengeneza cheche za plagi. Kinachozungusha injini ni pedeli ndogo iliyo sakafuni, upande wa kulia wa pedeli ya mafuta. Hakuna rilei wala solenoidi, yaani swichi za umeme za kuwasha stata kwa mbali. Kutoka betri kuna waya mmoja mnene unaokwenda moja kwa moja kwenye swichi iliyofungwa juu ya stata (mota ya umeme inayozungusha injini mpaka iwake), na swichi hiyo inabonyezwa na mguu wako.

Pedeli inafanya kazi mbili kwa zamu. Nusu ya kwanza ya safari yake inasukuma mkono wa stata, nao unatelezesha bendiksi, gia ndogo ya stata, mpaka meno yake yaingie kwenye ringi gia, yaani duara la meno lililozunguka flaiwili (gurudumu zito la injini). (Mafundi wengi wanaiita bendiksi na tutaiita hivyo hapa, ingawa ya Delco-Remy iliyo kwenye gari hili haijirushi yenyewe. Inasukumwa, na ndani yake ina klachi ya upande mmoja.) Mwisho wa safari, mkono uleule unabonyeza kitufe cha swichi na moto unaingia kwenye mota. Meno kwanza, umeme baadaye. Karibu kila ugonjwa wa stata hii ni zamu hiyo kuvurugika, au umeme kupotea njiani kabla ya kufika.

Kabla hujaingia chini ya gari

Stata hii haijui kama ufunguo umefungwa wala kama gari liko kwenye gia. Mtu akikanyaga pedeli likiwa gia ya kwanza, gari linatembea kwa nguvu ya stata na kukupitia. Weka nyutro, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya tairi.

Boliti kubwa ya swichi, ile inayopokea waya wa betri, ina moto saa zote na haina fyuzi. Spana ikigusa boliti hiyo na chesisi kwa pamoja, itageuka nyekundu mkononi mwako. Toa kwanza waya wa arthi kwenye betri. Kwenye gari hili arthi ni hasi, na betri yenyewe iko chini ya sakafu upande wa abiria, chini ya kifuniko. Hapo ndipo inaposahaulika miaka mitatu bila kuguswa. Na uwe na spana za inchi. Spana ya milimita inayokaribia kutosha ndiyo inayokula kona za nati.

Ufunguo kutoungwa na stata kuna faida yake: unapopima, acha ufunguo umefungwa, mwenzako akanyage pedeli, injini itazunguka bila kuwaka.

Anza na taa za mbele

Washa taa kubwa, kanyaga pedeli hadi mwisho, angalia mwanga ukutani. Kipimo hiki hakina gharama na kinakuambia uende upande gani.

Taa zikibaki na mwanga uleule na stata iko kimya, moto hauingii kwenye mota kabisa. Tafuta kwenye swichi, kwenye brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka), au kwenye pedeli isiyofika mwisho.

Taa zikizimika kabisa au kubaki uzi mwekundu, kuna kiungo kibovu kabla ya mahali taa zinapochukulia moto, au betri imekufa. Kumbuka kwamba kwenye pikapu hizi waya unaolisha ammita (mita ya ampea), na kupitia hapo taa na kila kitu kingine, unachukua moto kwenye boliti ileile ya stata. Kwa hiyo gari zima likiwa giza, fundi asiyejua atafungua dashibodi, kumbe nati ya boliti ya stata imelegea au temino ya betri imeota unga mweupe.

Taa zikififia nusu huku stata ikinguruma au kuzunguka kwa shida, moto unafika lakini mzigo ni mkubwa: betri dhaifu, boshi (bomba fupi za shaba zinazoshika mhimili wa stata) zimekwisha, au injini yenyewe ni nzito.

Inazunguka polepole

Hili ndilo lalamiko la kila mwenye gari la volti 6, na mara nyingi stata haina kosa. Fanya hesabu. Stata hii inapozungusha injini huweza kuvuta ampea 200 hivi. Temino moja yenye kutu ikiwa na ukinzani wa ohmu 0.01 tu, kiasi ambacho mita ya bei rahisi haikioni, volti 2 zinapotelea hapo. Kwenye gari la volti 12 linalofanya kazi hiyohiyo, ampea zingekuwa 100, ungepoteza volti 1 kati ya 12 na usingehisi kitu. Hapa umepoteza theluthi ya betri.

Ndiyo maana usipime ukinzani, pima volti zinazopotea wakati wa kazi. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja igandamize kwenye kichwa chenyewe cha betri, yaani risasi, si temino iliyokishika. Ncha ya pili kwenye boliti ya stata. Mwenzako akanyage pedeli. Isizidi volti 0.2. Kisha upande wa pili: kichwa cha hasi cha betri na ganda la stata, napo isizidi 0.2. Ikizidi, sogeza ncha kiungo kwa kiungo mpaka uone pale namba inaporuka. Hapo ndipo pa kusafisha.

Betri yenyewe ikiwa imejaa na imepumzika isome 6.3 hadi 6.4. Wakati wa kuzungusha ikishuka chini ya 4.5 ichaji kikamilifu na urudie. Ikishuka tena, imekwisha.

Sasa nyaya. Waya unaouzwa dukani kwa magari madogo ya volti 12 ni mwembamba mno kwa kazi hii. Hata ukiwa mpya unaong'aa, utaungua mkononi baada ya kukanyaga pedeli mara tatu. Tumia waya wa milimita za mraba 50 hadi 70, wa betri na wa arthi pia. Usidanganywe na unene wa plastiki. Angalia shaba iliyo ndani.

Arthi inasahaulika zaidi kuliko chochote. Waya wa hasi unafungwa kwenye chesisi, lakini injini imekalia mipira. Lazima kuwe na mkanda wa shaba unaounganisha injini na chesisi. Gari likitoka kupakwa rangi, mkanda huo hurudishwa juu ya rangi mpya, au haurudishwi kabisa. Moto wa ampea 200 lazima upate njia ya kurudi, nao hupita kwenye waya wa choki. Kama kitufe cha choki kwenye dashibodi kinapata joto unapopiga stata, au unaona moshi mwembamba ukitoka kwenye ganda la waya wake, huhitaji kipimo kingine. Kwangua rangi mpaka chuma kiwe cheupe, funga mkanda kwa washa ya meno, kisha paka grisi juu ili kutu isirudi.

Viungo vyote vikiwa safi na bado inaburuza, ndipo ushushe stata. Ukiifungua, tazama kwanza vyuma vya fildi (sumaku za umeme zisizozunguka) vilivyozunguka amecha, sehemu ya mota inayozunguka. Ukiona upande mmoja umesuguliwa ukang'aa, boshi zimekwisha na amecha inajiburuza kwenye vyuma hivyo. Inavuta moto mwingi, inapata joto, na haina nguvu. Kubadilisha brashi peke yake kwenye stata ya namna hii ni kupoteza siku. Weka boshi mpya za shaba nyeusi, ziloweke kwenye oili usiku kucha kabla ya kuzipigilia.

Brashi zikiwa zimebaki nusu ya urefu wa mpya, badilisha zote nne. Komuteta (vipande vya shaba vya amecha ambavyo brashi zinavigusa) ikiwa nyeusi isugue kwa msasa laini wa kawaida. Usitumie kitambaa cha kusugulia vyuma, chembe zake zinapitisha umeme na zinakaa kati ya vipande vya shaba. Mika, kizuia umeme kilicho kati ya vipande hivyo, iwe chini ya shaba kwa karibu milimita 0.8. Ikiwa imelingana nayo, brashi zinarukaruka na kutoa cheche.

Kuna injini ambazo ni nzito kihalali. 216 iliyotoka kufanyiwa ovahoo, yenye beringi za konrodi za risasi iliyomwagwa na kuchongwa, inabana kwa siku za kwanza. Na gari linalozunguka vizuri likiwa baridi lakini likiwa la moto linagoma katikati ya mzunguko na kukurudishia teke kwenye pedeli, angalia taimingi (wakati cheche inapopigwa) kabla ya stata. Kwenye distributa kuna kipimo cha oktani kinachoweza kusogezwa kwa mkono, na mara nyingi mtu amekisogeza mbele akidhani anaongeza nguvu. Teke la namna hiyo likirudiwa linaweza kuvunja pua ya stata, yaani ncha ya ganda lake upande wa bendiksi.

Kimya kabisa

Taa zinawaka vizuri, pedeli inashuka, hakuna sauti. Kwanza inua zulia. Si mzaha: zulia nene lililowekwa wakati wa kurembesha gari linatosha kuzuia pedeli isifike mwisho, na swichi hubonyezwa mwisho tu. Kisha mtu akanyage huku wewe ukitazama chini kwa tochi. Mkono wa stata unafika kwenye kitufe cha swichi? Kama haufiki, tazama pini za fimbo ya pedeli. Pini iliyolika pamoja na tundu lililotanuka, viungo viwili au vitatu kwa pamoja, vinakula sehemu kubwa ya safari. Mipira ya injini iliyokufa nayo inashusha stata mbali na sakafu, na pedeli inakuwa fupi ingawa hakuna aliyeigusa. Ukirekebisha fimbo bila kuangalia mipira, utaifanya kazi hiyo tena.

Kama mkono unafika na kitufe kinazama, pima volti kwenye boliti ya pili ya swichi, ile inayoingia kwenye mota, pedeli ikiwa imekanyagwa. Hakuna volti: swichi imekufa. Ifungue. Ndani kuna kisahani cha shaba kinachounganisha vichwa viwili. Kila kinapogusa na kuachia hutoa cheche, na baada ya miaka kinakuwa na mashimo meusi kama chapati iliyoungua. Mara nyingi kinaweza kugeuzwa upande wa pili au kuzungushwa kidogo ili sehemu isiyoungua ndiyo iguse. Vichwa vyenyewe visawazishe kwa tupa laini, viwe kimo kimoja. Kimoja kikiwa juu, kisahani kinagusa upande mmoja na kuungua tena ndani ya wiki chache.

Volti zipo lakini mota kimya: brashi hazigusi komuteta. Zimekwisha, au zimekwama kwenye vishikio vyake kwa vumbi la kaboni na oili. Gonga ganda la stata taratibu kwa mpini wa nyundo huku pedeli imekanyagwa. Ikizunguka, tatizo ni brashi. Hiyo ni njia ya kufika nyumbani tu.

Inakwaruza

Sauti ya mashine ya kusaga unapokanyaga maana yake umeme umefika kabla ya meno. Bendiksi inazunguka kwa kasi na kusaga ukingo wa ringi gia iliyosimama.

Sababu ya kwanza ni dereva. Pedeli hii haipigwi kwa kishindo. Ishushe mpaka uhisi meno yamekaa, kisha malizia. Meno yakikutana ncha kwa ncha utahisi pedeli imekuwa ngumu. Usiogope, springi ya bendiksi inakusanyika, mota inaanza kugeuka kidogo, na bendiksi inaruka kwenye nafasi yake. Mlio mmoja mfupi wa "klak" ni wa kawaida.

Sababu ya pili ni marekebisho. Swichi isipitishe umeme kabla bendiksi haijaingia karibu yote. Njia nyepesi ya kuhakikisha: toa waya wa betri, shusha stata, iweke kwenye vaisi, sukuma mkono wake taratibu kwa mkono wako na utazame bendiksi. Inapokaribia mwisho wa mhimili wake ndipo kitufe cha swichi kiwe kinaanza kuzama, na ibaki nafasi ndogo mbele ya bendiksi ili isigandamizwe kwenye pua. Kama kitufe kinazama bendiksi ikiwa katikati ya njia, marekebisho yamekosewa, au uma unaosukuma bendiksi umelika na mkono unafika kwenye swichi kabla yake.

Sababu ya tatu inajulikana kwa tabia yake: siku nyingine inakwaruza, siku nyingine haina neno. Injini ya silinda sita inaposimama, mgandamizo huisimamisha kwenye mojawapo ya sehemu tatu za mzunguko, na kila mara stata inaanzia hapo. Kwa hiyo ringi gia inalika sehemu tatu, wakati meno yaliyobaki ni kama mapya. Kuthibitisha, weka gia ya juu, ufunguo umefungwa, sukuma gari kama shubiri moja, rudisha nyutro, jaribu tena. Ikishika safi, umeona jibu. Ringi gia mpya ndiyo dawa, lakini ya zamani inaweza kupashwa moto sawasawa pande zote, ikatolewa, na kurudishwa imezungushwa nyuzi 60, ili sehemu zilizolika ziangukie kati ya vituo. Usiipashe mpaka iwe nyekundu, itapoteza ugumu wake. Wakati huohuo weka bendiksi mpya, kwa kuwa bendiksi iliyolika itaila ringi gia mpya kwa miezi michache.

Ukinunua vipuri hesabu meno. Flaiwili za enzi ya volti 6 zina meno 139, za volti 12 zilizokuja baadaye zina 168, na stata za pande hizo mbili hazikubaliani hivihivi.

Mota inalia, injini haigeuki

Unasikia mluzi wa mota ikikimbia bila mzigo. Kama meno yameshika, klachi ya upande mmoja iliyo ndani ya bendiksi inateleza. Ishike mkononi: bendiksi isiyo na ubovu inapaswa kugeuka upande mmoja kwa ulaini na kukataa kabisa upande wa pili. Ikigeuka pande zote mbili, tupa. Na usiloweke bendiksi kwenye petroli wakati wa kusafisha stata. Petroli inatoa grisi iliyofungiwa humo kiwandani, na klachi nzuri inaharibika kwa sababu ya usafi. Ifute kwa kitambaa tu.

Pedeli hairudi

Injini imewaka, mguu umeondoa, na bado kuna kelele. Zima ufunguo, kisha vuta pedeli juu kwa mkono. Mota ikiendelea kuzunguka, kisahani cha swichi kimejichomelea kwenye vichwa vyake, na tiba ya dakika hiyo ni kutoa waya wa betri. Weka spana ya temino ndani ya kabini, si kwenye boksi la vifaa huko nyuma.

Ikiwa ni pedeli tu iliyobaki chini, tafuta springi iliyochoka, fimbo iliyopinda, au tundu la sakafu lililojaa matope makavu. Mhimili wa bendiksi usiupake grisi nzito, inashika vumbi la klachi na kuwa gundi. Tone la oili nyepesi linatosha. Meno yakibanana injini ikiwa imesimama, gia ya juu na kulisukuma gari mbele na nyuma kwa kawaida huachanisha.

Kuazima volti 12

Watu hufanya hivyo, na stata ya volti 6 huvumilia kwa sekunde chache. Inageuka upande uleule hata ukikosea chanya na hasi, kwa sababu fildi na amecha zinapinduka pamoja, lakini jenereta, ammita na redio havina msamaha huo. Hatari kubwa zaidi ni kishindo: mota inaanza kwa nguvu maradufu na meno yasiyoshikana vizuri yanakatika. Zima kila taa na kila kifaa, ingiza bendiksi kwa upole, piga mara moja, chomoa. Betri ya volti 8 ambayo wengine huiuza kama suluhisho inaficha waya mbovu, inaunguza balbu, na inadai ubadilishe marekebisho ya regyuleta, kidhibiti cha chaji ya betri.

Inazunguka vizuri, haiwaki

Kabla ya kulaumu kabureta, pima volti kwenye koili wakati stata inazunguka. Stata inayovuta kupita kiasi inakula moto wote, koili inabaki na volti 3 au 4, na plagi hazitoi cheche ya maana. Dalili yake ni injini inayowaka pale unapoachia pedeli tu. Rudi kwenye nyaya na boshi.

Mguu wa kulia uko kwenye stata, kwa hiyo mafuta yanatolewa kwa mkono: vuta kitufe cha gesi kwenye dashibodi kidogo, choki yote kama injini ni baridi, kanyaga klachi kwa mguu wa kushoto, kisha stata. Usizidishe sekunde 30 kwa mfululizo, na kati ya jaribio na jaribio iache stata dakika mbili. Ukiligusa ganda lake likawa halishikiki, iongezee muda.